Kabla baba hajatolewa taya la juu, mpelekeni kwanza kwa bingwa wa meno bandia

Umeuliza kama mzee, anayefanyiwa upasuaji wa saratani wiki mbili zijazo, ataweza kula na kuongea akishatolewa taya la juu upande mmoja. Ataweza. Mimi nilitolewa la kushoto, na jana nimekula githeri.

Ila msingoje apone ndipo mtafute plati, yaani kaakaa bandia. Mimi hakuna aliyeniambia. Nilizinduka kinywa na pua vimekuwa chumba kimoja. Chai ya kwanza ilitokea puani. Kondakta aliponiuliza nashukia wapi, nilisema Kencom, akasikia upepo tu. Mke wangu akawa mkalimani wangu wa matatu.

Inavyotakiwa, bingwa anachukua kipimo cha kinywa kabla ya upasuaji, anatengeneza plati ya kuziba tundu la kaakaa, na daktari anaifunga mgonjwa akiwa bado amelala. Mzee akiamka anameza. Baadaye huja ya muda, inayorekebishwa mara kwa mara kwa sababu kidonda kinanywea, kisha ya kudumu baada ya miezi kadhaa. Mabingwa hao hufunzwa papa hapa, Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa hiyo ulizeni.

Meno yatakayobaki ndiyo yatashikilia plati, basi yasing'olewe ovyo. Yaliyooza kabisa yatoke kabla ya tiba ya mionzi, kama ataandikiwa, maana mfupa uliopigwa mionzi hauponi vizuri.

Na mazoezi ya kufungua mdomo! Mionzi hukaza misuli, na mdomo usipofunguka plati haipiti. Nilipanga vile vijiti bapa vya kukandamizia ulimi katikati ya meno: nilianza na vinane, nikafika kumi na saba. Machozi yalitoka, sikufichi.

Kuhusu jicho au pua ya silikoni, kama itafika huko, msiwe na haraka. Hushikwa kwa gundi maalumu, miwani au skrubu za titani, na hupauka kwa jua. Rangi ilinganishwe dirishani, si chini ya taa. Jamaa wa wodi yetu alichomwa uso na jua la Januari. Pua yake ya silikoni ikabaki na rangi ya Julai.

Plati ya kudumu hutolewa usiku, huoshwa kwa sabuni laini, hulala majini. Yangu mtoto aliimwaga pamoja na maji ya kikombe. Tafuteni bakuli lenye kifuniko.