"Katika nchi ya" ya nini?

Swali: Nina duka la nguo Malindi. Kwenye bidhaa za nje naona mara "Made in Netherlands", mara "Made in the Netherlands". Lipi sahihi? Nami nataka lebo za Kiswahili kwa kofia zangu. Niandike "Imetengenezwa katika nchi ya Kenya"?

Jibu: La Kiingereza tulimalize upesi. Jina hilo la Uholanzi maana yake ni nchi za chini, lina wingi ndani yake, ndiyo maana hutanguliwa na "the", sawa na Ufilipino. Kwenye sentensi ukiiacha umekosea. Kwenye lebo, ambako nafasi ni ya kuhesabu, wengi huiangusha na hawashtakiwi. Kiswahili hakina kidudu hicho, alhamdulillahi.

Lakini hiyo "katika nchi ya" imenitonesha kidonda. Juzi nimenunua kofia ya vito, kazi ya mkono, vitobo vimepangika hata unaona haya kuivaa na shati kuukuu. Ndani ya ukingo kimeshonewa kitambaa: "Kofia hii imetengenezwa katika nchi ya Kenya." Kirefu hata kimekunjwa mara mbili, na chanikwaruza kisogo. "Kofia hii": najua ni kofia, nimeivaa. "Imetengenezwa": kofia hushonwa, bwana, hutengenezwa redio ikiharibika. "Katika nchi ya": labda mwandishi alichelea tusije tukadhani imeshonwa juu ya Mlima Kenya.

Jina la mahali kwa Kiswahili lina "katika" yake tumboni. Twasema nyumbani na sokoni, lakini hatusemi Lamuni wala Malindini. Njoo gatini hapa Lamu asubuhi uwasikilize wenye mashua wakiita abiria: "Shela! Shela!" Sijamsikia hata mmoja akiita "Katika kijiji cha Shela!" Abiria wangekuwa wameshaingia mashua nyingine. Na mzee anayeteremka na kapu lake ukimuuliza watoka wapi, atakwambia "Natoka Pate", akapita zake.

"Nchini Kenya" ya watangazaji nimechoka kupigana nayo, wachukue. Tena ina faida pale jina moja lina wenyewe wawili: Jibuti ni nchi na ni mji, Chadi ni nchi na ni ziwa. Kofia yako haina shida hiyo.

Wazee wetu walijua kubana maneno. Kitambaa cha pamba kilichokuja kutoka viwanda vya Marekani karne ya 19 walikiita marekani. Nguo na lebo yake, neno moja.

Basi andika "Imeshonwa Malindi". Ukiona wateja wako wa mbali hawaijui Malindi, ongeza koma na "Kenya". Nafasi itakayobaki, weka bei.