Kitambaa cha kaboni hakivutwi

Kazi yangu ya kwanza ya kaboni ilikuwa vifuniko viwili vya saidi mira za gari. Nilishazoea faiba ya kawaida kwenye maboti hapa Mombasa, nikaona kaboni ni faiba nyeusi tu. Kifuniko cha kwanza kilitoka kwenye kalibu, yaani umbo la kufinyangia, kinang'aa, mpaka nilipogonga kona ya chini kwa ukucha. Ko, ko. Kitambaa kilikuwa kimeivuka kona ile kama daraja, mbele yake pamebaki hewa na ganda jembamba la resini, ile gundi ya majimaji inayogeuka ngumu. Nikabonyeza kwa kidole gumba, likapasuka.

Kosa langu lilikuwa kuvuta. Aliyenifungua macho ni mama mshonaji wa jirani, aliyekuja kuazima mkasi akanikuta nikipigana na kitambaa. "Mwanangu, mbona unakata nguo ya duara kwa unyoofu? Kata mshazari."

Uzi wa kaboni hautanuki kama mpira. Kinachokifanya kitambaa kikubali umbo la bakuli ni pembe kati ya mtande na mshindio, nyuzi za urefu na zile za upana. Mezani ni digrii 90. Kwenye mviringo inafinyika, miraba midogo kati ya nyuzi inalala upande. Ukivuta kufuata uzi, hakiendi popote. Ukikisukuma kona kwa kona, kinatii, hadi nyuzi zibanane kabisa. Hapo ndipo kunyanzi huinuka, na kunyanzi la namna hiyo halilaliki hata ulipige brashi hadi kesho. Pasua hapo, lalisha ncha moja juu ya nyingine, na tabaka linalofuata ulipasue mahali pengine.

Kwa hiyo nunua twili, ile inayopita juu ya nyuzi mbili na chini ya mbili, gramu 200 kwa mita ya mraba. Ule mfumo wa moja juu moja chini haufumuki ovyo ukiukata, lakini kwenye mviringo ni mkaidi.

Kupata kipimo, mimi hubandika tepu ya karatasi juu ya kalibu nzima, nachora mipaka kwa kalamu, naibandua na kuilaza juu ya kitambaa nikiigeuza digrii 45. Kabla ya mkasi, bandika tepu kwenye mstari wa kukatia, ukate katikati ya tepu yenyewe. Usipofanya hivyo utafika kwenye kalibu umeshika mafundo ya nyuzi.

Anza kulaza mahali penye kina zaidi, usonge nje kwa vidole. Kona kali ijaze kwanza na resini iliyokolezwa kwa unga wa silika, ukali wake upungue kidogo, ndipo kitambaa kipite. Mistari ya nakshi itapinda tu, na wateja wanaijali kuliko uimara wenyewe. Amua mapema jicho litatua wapi, mistari iliyonyooka iwekwe hapo, upindo uuelekeze upande wa mlango.

Jambo lililonisumbua zaidi ni kulowesha kitambaa kwa resini. Faiba ya kioo ikilowa inakuwa kama maji, unaona kila doa kavu. Kaboni ni nyeusi ikiwa kavu, nyeusi ikiwa imelowa. Siku hizi napima kwa mizani: kitambaa gramu 60, epoksi (ndiyo resini yangu) gramu 60 na ziada kidogo ya itakayobaki kwenye brashi. Na kwa joto letu la pwani, usiache epoksi kwenye kikombe. Imimine kwenye sinia pana. Kikombeni hujichemsha yenyewe, unakuta jiwe linalofuka moshi.

Ukitumia mfuko wa kunyonya hewa, ile plastiki inayokibana kitambaa kwenye kalibu hewa ikitolewa, ukate mkubwa, uache mikunjo mingi karibu na kona. Mfuko uliokazwa nao utaivuka kona, na kitambaa kitaufuata.

Kifuniko cha upande wa pili nilikirudia mara tatu. Kilichopasuka kiko kwenye rafu, tunawekea skrubu, ila zile ndogo hupenya kwenye ufa.