Mila ya uwindaji Unyamwezini haijafa, imebanwa

Kaka, unasema serikali imeua mila ya Wanyamwezi kuwinda. Nusu nakubali. Pori la Akiba la Ugalla lilipopandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019, uwindaji humo ulikoma kabisa, hata ule wa wageni wenye leseni zinazolipiwa kwa dola za Marekani. Kwa watu wa Sikonge na Urambo, wilaya za Tabora, hilo si jambo dogo.

Ila tusichanganye mambo. Babu yangu alikuwa na gobore moja na baruti ya kupimia. Anaingia porini siku nne, akikuta pongo jike ana mtoto anampita. Sasa hivi nikienda kukagua mizinga yangu ya nyuki nakuta waya wa breki ya baiskeli umefungwa kwenye mti wa myombo, kitanzi usawa wa goti. Waya hauchagui jike wala mtoto, na aliyeutega pengine kashausahau, mnyama anaoza palepale. Hiyo nayo ni mila ya nani?

Njia halali ipo, ingawa nyembamba: leseni ya mkazi nje ya hifadhi, na jumuiya za vijiji za kuhifadhi wanyamapori kama Ipole na Uyumbu, ambako vijiji vina sauti. Tangu kanuni za 2020 hata bucha la nyamapori linaruhusiwa. Mimi ningelalamikia ada na mzunguko wa karatasi. Mtu wa kijijini anapoteza nauli mbili kwenda mjini kabla hata hajaishika hiyo leseni, wakati waya ni bure.