Mzee wa Mikanda Anajibu: Steringi Anakufa au Hafi?

SWALI: Shikamoo Mzee wa Mikanda. Dada yangu aliyeko Uingereza kanitumia DVD ya The Great Silence, ile kauboi ya Kitaliano ya kwenye theluji. Deki inaikataa, eti si ya eneo lake. Halafu baba anaapa steringi anakufa, kaka naye kaona kipande kwenye simu steringi yuko hai. Nani mkweli?
Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Diski yako nzima kabisa. Wenye DVD waliigawa dunia kwa namba: Uingereza wamo eneo la 2, sisi la 5. Deki nyingi za Kichina za bei chee hazijali mambo hayo, kwa hiyo jaribu kwa jirani kabla fundi hajala hela yako. Safari nyingine dada atume Blu-ray, diski yenye picha safi kuliko DVD. Huko sisi na Waingereza tuko kundi moja, B, na kampuni ya Eureka iliitoa filamu hii kwao mwaka 2021. Ila uwe na mashine ya kuisomea, maana deki ya DVD haitaiweza.

Tuje kwenye ugomvi wa nyumbani. Wote wakweli, lakini filamu yenyewe ni ya baba. Mwongozaji Sergio Corbucci, yule wa filamu ya Django, aliitoa mwaka 1968, na steringi wake ni bubu: alikatwa koo utotoni asije akawataja waliowaua wazazi wake. Hachomoi bastola kwanza. Anakuchokoza mpaka uchomoe wewe, na ukisalimu amri anakupiga risasi ya dole gumba usishike tena silaha. Mtu wa namna hiyo, sisi tuliokulia vibanda vya video tunajua, hafi. Corbucci akamuua.

Alichoona kaka ni mwisho wa pili, uliopigwa ili kuwafurahisha wauzaji. Sherifu aliyezamishwa kwenye ziwa la barafu anaibuka na farasi, anaokoa jahazi. Hadithi ya abunuwasi! Utazame baadaye, kama kichekesho.

Weka sauti ya Kitaliano, maandishi chini. Midomo haitalingana na maneno, zoea tu. Waitaliano enzi zile waliingiza sauti studio, waigizaji kila mmoja na lugha yake. Klaus Kinski, Mjerumani anayecheza adui, utamsikia kwa sauti ya mtu mwingine. Jean-Louis Trintignant, huyo bubu, hakuwapa kazi: hana neno hata moja.