Nyumba ya urithi: anza na paa, jipsamu itakusubiri

Nyumba za zamani za Kiswahili zilizobaki Ilala, Magomeni na Temeke jijini Dar es Salaam zina ramani inayofanana: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma kwenye jiko na choo. Nyingi zilianza kwa miti na udongo, kisha kuta zikabadilishwa mmoja mmoja kwa tofali za saruji, kila mrithi kwa hela aliyokuwa nayo. Ndiyo maana unaweza kukuta kuta za aina mbili au tatu chini ya paa moja la boriti za mikoko na bati lililokula kutu.

Anayerithi nyumba hiyo na kupata fedha kidogo huanza na sebule. Fundi anakuja, anatazama rangi inayobabuka, anasema: "Bosi, hapa tunapiga skimu, tunaweka jipsamu, inakuwa mpya." Kweli inakuwa mpya, mpaka masika. Bati likivuja, dari ya jipsamu inanyonya maji, inalegea na kuanguka. Skimu, lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta, ikipigwa juu ya ukuta wenye chumvi inavimba na kupukutika kuanzia chini. Fedha imekwenda na ugonjwa upo palepale, kwa sababu ugonjwa wa nyumba hizi karibu wote ni maji: yanayoingia kwa juu na yanayopanda kutoka chini.

Kama mfuko ni mdogo, katika kila shilingi 10 tenga 4 za paa, 2 za maji ya nje na mchwa, 2 za umeme na mabomba, 1 ya plasta na rangi, na 1 usiiguse. Hiyo ya mwisho itatumika, usiwe na shaka. Na kabla ya kuezua chochote, pita serikali ya mtaa na halmashauri kuulizia kibali. Kusimamishwa kazi paa likiwa wazi ni hasara kuliko ada yoyote.

Paa

Kazi ya paa ipange kati ya Juni na Septemba. Masika yamepita na vuli bado.

Panda darini mchana jua likiwa kali, madirisha yamefungwa. Kila tundu litaonekana kama nyota. Weka alama kwa chaki kwenye mbao iliyo chini ya tundu, maana hapo ndipo penye kuoza. Kisha chukua bisibisi bapa na nyundo. Mbao nzima ikigongwa inalia kwa sauti kavu, na bisibisi haizami zaidi ya milimita chache. Iliyooza inatoa sauti ya boksi tupu. Usihangaike sana na katikati ya boriti. Kagua ncha zinazokaa juu ya ukuta, chini ya kofia (bati linalofunika mgongo wa paa), kwenye makutano ya mapaa mawili, na popote palipowahi kukaa tangi.

Tofautisha mchwa na bungua, kwa sababu dawa zake hazifanani. Mchwa anajenga njia za udongo juu ya ukuta, na ndani ya mbao anaacha matabaka yenye udongo. Yeye anatoka ardhini, kwa hiyo kupaka dawa kwenye mbao peke yake hakumalizi kazi. Bungua anatoboa vitundu vya mviringo na kuacha unga mwepesi chini. Huyo yumo ndani ya mbao yenyewe, na dawa ya kupaka humfikia tu kama rangi na vanishi ya zamani imekwanguliwa.

Si lazima kung'oa kenchi zote. Mbao ngumu za zamani zikiwa nzima zinashinda paini changa utakayonunua leo. Ikiwa kilichooza ni ncha, iunge. Kwanza itegemeze kenchi kwa mirunda miwili iliyokanyaga kipande cha mbao pana, isizame sakafuni. Kata ncha mbovu, halafu kata tena sentimita 30 ndani ya mbao inayoonekana nzima, kwa sababu uozo hutangulia mbele ya macho. Bana pande zote mbili kwa mbao za inchi 2x6 zinazoingia kwenye sehemu nzima angalau mita 1, zikazwe kwa bolti nne za milimita 12 zenye washa pana. Bolti zipishanishwe juu na chini. Zikikaa mstari mmoja mbao inapasuka kuufuata mstari huo. Kwenye mninga au mkongo uliokauka toboa kwanza. Msumari wa inchi 4 ukigongwa hivihivi aidha unapinda au unapasua.

Mbao mpya nunua zilizotibiwa, zile zenye rangi ya kijani hafifu. Buguruni na Keko zimejaa. Kata kipande kidogo uone ndani: dawa iliyoingia vizuri inaonekana mpaka ndani, iliyopakwa tu inakaa juu kama ngozi. Ukikata mbao iliyotibiwa, ncha iliyokatwa haina kinga kamili tena, kwa hiyo ipake dawa papo hapo. Masalia yake yasiende jikoni kwa mama lishe: dawa inayotumika sana ina aseniki, na moshi wake ni sumu.

Kwa bati, namba ya geji ikiwa ndogo bati ni nene. Geji 32 ni rahisi na linabonyea chini ya mguu wa fundi. Geji 30 linatosha kwa nyumba ya kawaida, na geji 28 ni zuri zaidi kwa wanaokaa karibu na bahari. Huko chumvi ya hewani inakula zinki ya kawaida mapema, hivyo bati la aluzinki, lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, linalipa gharama yake. Lakini aluzinki ina maadui wawili ambao mafundi wengi hawawajali. Wa kwanza ni saruji mbichi: bati likizibwa kwa saruji pale linapokutana na ukuta, linaoza kwenye mstari uleule. Tumia kipande cha bati kilichokunjwa na silikoni. Wa pili ni mbao ya dawa iliyo bado na unyevu, maana shaba iliyomo kwenye dawa inakula bati. Ziache mbao zikauke wiki mbili tatu kivulini, zimepangwa kwa nafasi, ndipo uezeke.

Unapohesabu, usitumie upana wa bati bali upana linaofunika baada ya kulaliana. Upande wa paa wenye urefu wa mita 12, kwa bati linalofunika sentimita 75, unahitaji bati 16 kwa mstari, si 13 wala 14 kama wauzaji wengine watakavyokuambia kwa simu. Mlalo wa juu na chini uwe sentimita 20. Paa la mteremko mdogo liongezee. Mbao zinazobeba bati ziachane sentimita 75 hadi 90. Misumari ya bati ipigwe juu ya mgongo, kamwe isipigwe kwenye bonde ambako maji yanapita, na mpira uguse tu bila kupasuka. Fundi mwenye mkono mzito anaweza kukutobolea bati jipya mara mia mbili kwa siku moja.

Ukikuta paa la zamani ni la asbesto, usiruhusu mtu alikate kwa msumeno wala kulivunja kwa nyundo. Vumbi lake ndilo linaloua mapafu. Linamwagiwa maji, linafunguliwa msumari mmoja mmoja na kushushwa likiwa zima, kisha linafungwa kwenye nailoni nzito. Namna ya kulitupa waulize mamlaka ya serikali inayosimamia mazingira (NEMC), wala usilitumie kuzibia banda la kuku.

Maji ya chini

Nyumba nyingi za zamani zimezama. Hazikudidimia, ni mtaa uliopanda, kifusi juu ya kifusi, mpaka barabara ikawa juu ya baraza. Sakafu inapaswa kuwa juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 15 au zaidi. Kama huwezi kuipata hiyo, punguza udongo unaougusa ukuta na umwage zege jembamba kuzunguka nyumba, upana wa sentimita 60 hadi 100, likiinama kutoka ukutani sentimita 2.5 kwa kila mita. Uchochoro ukiwa mwembamba, kubaliana na jirani mtengeneze mtaro mmoja wa katikati, maana maji ya paa lake nayo yanaishia kwenye msingi wako.

Gata si anasa. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000, na bila gata zote zinadondokea mguuni mwa ukuta. Gata lishuke sentimita 5 kila mita 10, na kila mita za mraba 50 za paa zipewe bomba moja la inchi 4. Ukiweka tangi, weka na bomba la ziada la kutolea yanayofurika, liishie mbali na msingi.

Kabla ya kumwaga zege hilo la pembeni, maliza mchwa. Chimba mfereji wa upana wa sentimita 15 na kina cha sentimita 30 kufuata ukuta. Mimina dawa ya mchwa yenye fipronili au imidaklopridi iliyochanganywa kwa kipimo cha kopo, lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita, na udongo unaorudishwa nao unyweshwe. Nyumba ya mita 9 kwa 12 ina mzunguko wa mita 42, kwa hiyo andaa lita 210. Fundi akija na bomba la mgongoni la lita 16 na kusema linatosha, mwambie arudi na pipa. Penye kisima uani dawa hii haifai kumwagwa karibu yake, mwite mtaalamu.

Ukuta

Ukuta wa tofali unaopukutika mpaka usawa wa kiuno unanyonya maji ya ardhini, na yanapokauka yanaacha chumvi nyeupe. Sababu huwa mbili: hakuna nailoni iliyowekwa juu ya msingi, au tofali zilifyatuliwa kwa mchanga na maji yenye chumvi. Kuufunika kwa rangi ya mafuta au tailizi hakuzuii kitu. Maji hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na mwakani doa litakuwa begani.

Bandua plasta mpaka sentimita 50 juu ya mstari wa doa. Sugua chumvi kwa brashi kavu, usiioshe, kwa sababu maji yanairudisha ndani. Acha ukuta wazi wiki nne au zaidi, ukisugua kila chumvi inapochomoza. Rudishia plasta ya ndoo 1 ya saruji, 1 ya chokaa na 6 za mchanga wa mto. Chokaa inaruhusu ukuta kupumua. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35, chini kidogo ya ndoo mbili za lita 20, kwa hiyo mfuko mmoja unataka ndoo 10 na nusu za mchanga. Mchanga ulambe. Ukiwa na ladha ya chumvi, urudishe na tripu yake.

Ukuta wa miti na udongo una sheria yake. Usiupige plasta ya saruji tupu. Saruji ni ngumu, udongo unavimba na kunywea. Baada ya misimu miwili saruji inasimama peke yake kama ganda, na nyuma yake mchwa wamehamia. Ziba nyufa kwa udongo uleule uliochanganywa na nyasi kavu zilizokatwa fupi, kisha paka chokaa. Nguzo za ukuta huo huoza pale zinapoingia ardhini. Kata mbovu, mwaga kizingiti cha zege chini yake kinachochomoza sentimita 20 juu ya ardhi, na ufanye nguzo mbili au tatu kwa wakati mmoja, si upande mzima.

Umeme

Fanya kabla ya plasta, la sivyo utachimba ukuta mara mbili. Waya za zamani nyingi hazina eathi (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja), na taa, feni na friji vyote vimening'inia kwenye mstari mmoja. Vuta upya: waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, 4 kwa hita ya maji, kila kundi na breka yake, pamoja na kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampia 30. Usiruhusu waya kupita wazi darini juu ya boriti. Panya wa Ilala wanaujua. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Shirika la umeme, TANESCO, wataulizia, na moto hausubiri.

Ndani

Hapa okoa fedha. Sakafu ya niru (saruji iliyosuguliwa laini) iliyopasuka inazibika, haihitaji tailizi. Milango na fremu za mninga au mkongo usizitoe kwa dalali anayekuletea milango mipya inayong'aa, kwani hiyo huvimba kwa unyevunyevu wa mwezi wa nne. Ya zamani ikikwama, tazama bawaba kabla ya kukimbilia randa, mara nyingi skrubu zimelegea tu. Loanisha rangi ya zamani unapoikwangua, kwa kuwa inaweza kuwa na risasi, na watoto wasiwe karibu. Ikishatoka na mbao kukauka, piga msasa namba 80, 120, kisha 240, umalizie kwa mafuta ya kitani mikono mitatu, kila mkono ukauke kabisa kabla ya unaofuata.

Rangi ya ukuta iwe ya mwisho kabisa, siku 28 baada ya plasta. Kama mwenye nyumba ana haraka ya kupangisha, apake chokaa kwanza.