Kisamvu, sombe, pondu: majibu kwa wasomaji

Maswali mengi ya safari hii yanahusu majani ya muhogo, majina yake na namna ya kuyapika.

Nimehamia Dar es Salaam kutoka Bukavu. Nikiuliza sombe sokoni hawanielewi. Niseme nini?

Sema kisamvu. Ndilo jina lake Unguja, Pemba, pwani ya Kenya na karibu Tanzania Bara yote, yakiwa bado mtini au yameshaiva chunguni. Sombe ni jina la Kivu na Katanga, na Rwanda na Burundi husema isombe. Kinshasa ni pondu, Brazzaville ni saka-saka. Ukivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji utaletewa matapa, na Madagaska wanaita ravitoto.

Sokoni Dar taja pia unakitaka vipi, maana kuna fungu la majani mazima na kuna kilichokwisha kutwangwa au kusagwa kwa mashine. Kama unanunua kilichotwangwa, nenda asubuhi. Tia vidole katikati ya fungu: kikiwa na joto na harufu ya uchachu, kimeshaanza kuharibika, hata kama juu bado ni kijani.

Matembele na kisamvu ni kitu kimoja?

Hapana. Matembele ni majani ya viazi vitamu, hayatwangwi, na dakika 10 yanatosha kuiva. Kinshasa nako matembele ni hayo hayo. Jina litakalokuchanganya ukifika Kivu au Burundi ni lengalenga: huo ni mchicha.

Ili kisamvu kilainike haraka, nachemsha majani kwanza ndipo natwanga. Mbona kinabaki kichungu?

Umepindua mpango, na hapa mpango ni suala la usalama kuliko hata ladha. Jani la muhogo lina kemikali iitwayo linamarini, na mahali pengine ndani ya jani hilo hilo kuna kimeng'enya cha kuivunja. Jani likiwa zima, viwili hivi havikutani. Mchi ukilipasua vinachanganyika, linamarini inavunjika na kutoa sianidi, ambayo ni sumu lakini hugeuka mvuke upesi, kwani huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi. Ukitumbukiza jani zima kwenye maji ya moto, unakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Linamarini yenyewe haivunjwi kirahisi na moto, kwa hiyo nyingi inabaki kwenye mboga.

Fanya hivi. Chuma majani machanga ya juu, ondoa vikonyo vyote, osha, kisha twanga yakiwa mabichi mpaka usione tena mishipa ya jani. Vipande vikubwa vikibaki, ndani yake kazi haikufanyika. Tandaza kwenye ungo juani kama saa mbili, suuza kwa maji safi mara mbili na ukamue. Kwa nusu kilo ya kisamvu kilichotwangwa weka maji lita moja na nusu. Acha kichemke bila mfuniko, mvuke utoke. Majani machanga huiva kwa dakika 45 hadi saa moja. Yaliyokomaa yanaweza kufika saa moja na nusu, na bado yakawa na nyuzinyuzi.

Blenda inafaa pia, ila usiiendeshe mfululizo: washa na kuzima, vinginevyo unapata uji.

Magadi yanasaidia?

Yanalainisha, lakini yanapunguza vitamini C, na yakizidi kisamvu kinateleza na kuwa na ladha ya sabuni. Kama ni lazima, ncha ya kijiko cha chai kwa nusu kilo. Kisamvu kilichotwangwa sawasawa hakiyahitaji.

Tui langu hukatika kila nikipika kisamvu cha nazi.

Unatia tui zito mapema na moto ni mkali. Kamua nazi moja kubwa mara mbili. Kisamvu kikishaiva na maji kukaribia kukauka, tia kitunguu na tui jepesi, kichemke dakika 15. Tui zito liingie mwisho, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha kwa dakika tano hadi saba, na chumvi baadaye. Ukitaka cha karanga, robo kilo ya karanga zilizosagwa ikorogwe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, la sivyo itaganda madonge. Upande wa Kongo na Kigoma huungwa kwa mawese, na hayo hayana shida ya kukatika.

Niko Marekani. Dukani kuna pakiti iliyogandishwa imeandikwa saka-saka. Ni kisamvu?

Ndicho. Pakiti nyingine huandikwa pondu, au kwa Kifaransa feuilles de manioc. Kutwangwa na kugandishwa si kupikwa, kwa hiyo kichukulie kuwa kibichi isipokuwa pakiti iseme vinginevyo. Ukitumia sufuria ya presha, kichemshe kwanza wazi kwa dakika 15 ndipo ufunge. Ukifunga tangu mwanzo unaufungia mvuke ule ule tunaotaka utoke.

Kisamvu cha mpira ni kipi?

Ni majani ya mti mwingine wa jamii ya muhogo, wenye asili ya Brazil. Wajerumani waliupanda kwenye mashamba makubwa, hasa upande wa Tanga, kwa ajili ya utomvu wa kutengenezea mpira. Bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913 mashamba yaliachwa, lakini miti ikabaki na watu wakaendelea kuchuma majani. Ni mti wa kweli, unaweza kupita mita 10, ndiyo maana wengi huupanda kando ya nyumba na kuukata vilele ili uchipue chini. Nao una linamarini, kwa hiyo majani yake yatwangwe, yasuuzwe na kuchemshwa wazi vile vile.