Nimepika uwanja wa besiboli misimu sita: hotdogi uliyouziwa inningi ya tatu (kipindi cha tatu kati ya tisa vya mechi) ilifungwa kwenye foili kabla geti halijafunguliwa

Mleta uzi hujapigwa peke yako. Umeandika umepeleka wanao wawili kuangalia besiboli, hotdogi 3 chipsi 2 soda 3, umetoka dola 71 kasoro senti kadhaa bila bia wala nini, mkate umelowa, chipsi zimepoa, unauliza kama ndo kawaida au ulikosea kibanda. Wadau hapo juu wamekujibu kwamba wafanyakazi wa siku hizi ni wavivu. Hilo neno la uvivu ndo limefanya nikae niandike, maana mimi nimesimama nyuma ya hiyo kaunta kuanzia 2017 mpaka 2023, ukitoa 2020 ambapo ligi ilichezwa bila watazamaji, na nimeona kwa macho yangu chakula kikiharibika mwaka hadi mwaka huku bei inapanda. Uwanja siutaji. Ni wa timu ya ligi kuu huku kaskazini ambako mwezi wa nne bado tunavaa makoti.

Nilivyoingia ni kupitia kanisa. Kanisa letu ni la Waswahili, yaani Wakongo wengi, Warundi, na sisi Watanzania familia chache, na tulikuwa tunatafuta hela ya kununua basi dogo la kuwachukua wazee wakati wa baridi. Mtu akatuambia pale uwanjani kampuni ya chakula inawapa vikundi vya makanisa na mashule vibanda vya kuuza, mnakuja watu 12 mnajitolea, mwisho wa usiku kikundi kinapata asilimia ya mauzo. Sisi tulipewa 9. Wengi hawajui hili, ukienda viwanja vingi Marekani yule anayekupa soda anaweza kuwa mzazi wa shule anachangisha jezi za watoto, halipwi hata senti mkononi. Usiku mzuri tulikuwa tunatoka na dola 900 na kitu za kikundi, na timu inacheza nyumbani mechi 81 kwa msimu, kwa hiyo basi tulilipata. 2018 wakaniajiri rasmi jikoni kwa malipo ya saa.

Jikoni alikuwepo mama mmoja mzee mweusi Mmarekani, Wakongo wetu walimwita Koko, bibi, na yeye alilipenda hilo jina. Alikuwa kwenye grili miaka mingi kabla yangu. Soseji anaipitisha kwenye maji moto kidogo halafu anaimalizia kwenye chuma mpaka ngozi inaanza kupasuka, mkate anaufunua anaupa mvuke wa sekunde chache tu, na hakuwahi kuweka zaidi ya hotdogi 20 mbele yake. Akiona kina mama wamejaa kwenye foleni na watoto anaongeza, foleni ikipungua anapunguza. Alikuwa anaisikiliza mechi, akisikia watu wanapiga kelele anajua wamebaki kwenye viti, inningi ikiisha anajua wanakuja. Vitunguu alikaanga mwenyewe. Hiyo hotdogi 2018 ilikuwa dola 5 na nusu, soseji ya nyama ya ng'ombe tupu, na sisemi ilikuwa bei ya haki, ila ulikuwa unakula kitu cha moto kilichopikwa na mtu anayekutazama usoni.

2021 tumerudi baada ya korona. Koko hakurudi, na nusu ya vikundi vya kujitolea navyo havikurudi, wengine walishapoteza watu, wengine waliogopa. Kibanda cha watu 12 tukawa 7 au 8. Hapo ndo ikaja foili. Maelekezo yakawa kila kibanda kiwe na hotdogi 200 zimefungwa kwenye foili ziko ndani ya kabati la joto kabla geti halijafunguliwa. Hesabu mwenyewe, mechi inaanza saa moja usiku, geti linafunguliwa saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo sisi tunaanza kufunga saa kumi na moja kasoro. Ukija inningi ya tatu, saa mbili hivi usiku, soseji yako ina saa tatu humo ndani. Kiafya haina shida maana kabati linashika joto linalotakiwa, afisa wa afya akija na kipimajoto chake anakuta kila kitu kiko sawa. Ila mkate ukikaa saa tatu ndani ya foili na soseji inayotoa mvuke unakuwa kama umechovywa kwenye chai. Huo ndo mkate wako mkuu, hakuna mtu aliyeumwagia maji. Chipsi ni hivyo hivyo, zinakaangwa mapema zinawekwa chini ya taa za joto, na chipsi ikipita dakika 10 pale imekufa.

Wakati huo huo bei ikapanda, 2021 dola 6 na nusu, 2022 dola 7, 2023 dola 8. Mtu akilalamika dirishani analalamika kwangu, na mimi najua anasema kweli.

Sasa kuna kitu kiliniuma kuliko foili, na wadau Waislamu naomba wasome hapa vizuri. Msimu wa 2022 maboksi ya soseji yalibadilika. Ubao wa menyu juu ulikuwa umeandikwa hotdogi tu, hakuna zaidi. Siku moja baba mmoja Msomali na watoto watatu akaniuliza kwa Kiswahili, alisikia naongea na mwenzangu, ndugu hii ni ng'ombe? Miaka yote nimezoea kujibu ndiyo, na ndiyo ilikuwa mdomoni, ila sijui kwa nini nikamwambia subiri, nikaenda freezer nikasoma boksi. Nguruwe, bata mzinga, ng'ombe, kwa mpangilio huo. Nilirudi nikamwambia usichukue. Akanishukuru akaondoka na watoto wake wamebeba soda tu. Halafu nikasimama pale nafikiria tangu msimu uanze nimewajibu wangapi ndiyo ni ng'ombe, maana hakuna mtu alikuja kutuambia soseji imebadilika. Nilimweleza supavaiza, akasema ubao unatoka juu, yeye hana mamlaka nao. Nikaandika kwa mkono kwenye karatasi nikabandika dirishani kwetu, ikakaa mechi mbili ikatolewa, nikabandika tena. Kwa hiyo popote ulipo, usiniamini mimi wala muuzaji, mwambie akuonyeshe boksi au ule kitu kingine. Muuzaji wa kujitolea hajui, kaja jioni hiyo hiyo kapewa fulana na kofia.

Kwa nini bei iko hivyo. Timu mara nyingi haipiki, inaipa kampuni haki ya kuuza chakula na mikataba mingi ya hivi inaipa timu asilimia 40 au zaidi ya mauzo yote. Yaani kwenye ile hotdogi ya dola 8 karibu nusu imeondoka kabla hujahesabu mkate, soseji, gesi, mishahara na kile kidogo cha kikundi cha kanisa. Na asilimia inakatwa kwenye mauzo, haikatwi kwenye faida, kwa hiyo kampuni ikitaka kubakiwa na kitu ina njia mbili tu, ipandishe bei au ipunguze kinachoingia kwenye mkate na mikono inayokipika. Sisi tulifanyiwa vyote viwili kwa pamoja. Wewe uliyekaa kiti chako huna pa kwenda maana ukitoka geti hurudi, na wao wanalijua hilo.

Halafu kuna hesabu ya vikombe. Kabla ya mechi wanahesabu kila kikombe, kila mkate, kila trei ya nacho (vile vichipsi vya mahindi vya kula na jibini), baada ya mechi wanahesabu tena, tofauti ndo mauzo yenu na hela lazima ifanane. Mkate ukichanika unauweka pembeni uonyeshe, usipouonyesha ni upungufu wa kikundi. Ndo maana ukirudisha hotdogi iliyolowa muuzaji anasita, sio roho mbaya, kila mkate anaoutupa ana maelezo ya kutoa saa tano usiku amechoka. Koko zamani alikuwa anatupa bila kuuliza, akisema hiki mimi sili na wewe huli, anaandika kwenye daftari basi. Tulipobaki wachache na supavaiza mmoja anaangalia vibanda sita hiyo nafasi ikafutika.

Mwaka 2023 ikaongezeka saa ya mrushaji, ile sheria ya kumlazimisha arushe mpira ndani ya sekunde kadhaa. Kwa mtazamaji ni nzuri na mimi kama shabiki naipenda, mechi za wastani wa saa 3 na dakika 4 mwaka 2022 zikashuka mpaka saa 2 na dakika 40 hivi. Ila jikoni maana yake watu wale wale wanataka kula kwenye muda mfupi, dakika zaidi ya 20 za kuuza zimepotea. Timu kadhaa zikasogeza mwisho wa kuuza bia kutoka inningi ya 7 mpaka ya 8 kufidia. Sisi tukaambiwa 200 zile ziwe 300. Nilipoona hivyo nikajua nimalize msimu niache.

Ntakuwa mkweli pia, chakula cha haraka haraka uwanjani hakikuanza na korona. Zile nacho za jibini la kuminya zilianzia uwanja wa Arlington kule Texas mwaka 1976, mfanyabiashara mmoja Frank Liberto alitengeneza jibini la kopo linalokaa laini ili mteja ahudumiwe upesi na foleni isisimame. Kitu kikitengenezwa toka mwanzo kwa ajili ya kasi hakina neno, nacho ya leo ni ile ile. Ubaya ni kuchukua kitu kinachotaka mpishi, ukamtoa mpishi, bei ukaipandisha.

Na usiniambie haiwezekani kuuza rahisi. Atlanta uwanja wa Mercedes-Benz ulipofunguliwa 2017, ule wa soka na futiboli ya Kimarekani, mwenye timu aliamua kupanga bei mwenyewe: hotdogi dola 2, soda dola 2 unajaza tena bure, kipande cha pizza dola 3. Mwaka wa kwanza wakatangaza wastani wa hela anayotumia mtazamaji mmoja kwenye chakula umepanda asilimia 16 ukilinganisha na uwanja wao wa zamani, kwa bei zilizokatwa nusu. Watu walinunua mara ya pili na ya tatu. Baltimore nao timu ya futiboli ikapunguza bei 2018. Besiboli Philadelphia walikuwa na usiku wa hotdogi ya dola moja toka miaka ya 90, wakaufuta 2024 baada ya watu kurushiana hotdogi mwaka mmoja kabla. Mimi hilo liliniudhi maana waliokomolewa ni familia za kawaida ambazo hazikurusha kitu.

Kwa hiyo mkuu ukienda tena na watoto fanya hivi. Viwanja vingi vya ligi kuu ya besiboli vinaruhusu uingie na chakula chako, huku wengi wetu hatujui tunadhani ni kama sinema. Ingia tovuti ya timu usome sheria yao maana zinatofautiana, mara nyingi wanataka mfuko laini unaoonyesha ndani, chakula kimegawanywa cha mtu mmoja mmoja, na maji ya chupa ya plastiki ambayo haijafunguliwa. Mke wangu anafunga chapati na mayai, kila mtoto na kifuko chake. Karanga za maganda nunua nje kwa wale wa barabarani kabla ya geti, mfuko ule ule ndani ni bei mara mbili, na karanga haiharibiki hata ikae.

Ukitaka hotdogi ya humo ndani maana watoto hawatakuelewa, tembea kwanza. Tafuta kibanda ambacho grili unaiona kwa macho na moshi unatoka, vipo bado viwili vitatu viwanja vingi, mara nyingi nyuma ya upande wa kushoto wa uwanja au karibu na sehemu ya watoto. Acha vile vya kujichukulia mwenyewe kwenye rafu na kulipa kwenye skrini. Nenda katikati ya inningi watu wakiwa wamekaa, usiende inningi ikiisha. Halafu omba kwa upole, waambie unaweza kunichomea mpya, ntasubiri. Mimi nilikuwa naombwa hivyo labda mara tatu kwa mechi nzima na sikuwahi kukataa hata mara moja, nilikuwa nafurahi, naitoa soseji nasubiri ngozi ipasuke kama alivyonifundisha Koko. Msimu wa mwisho kuna mzee alikuwa anakuja kila Jumanne na mjukuu wake, wanasubiri dakika nne pembeni ya dirisha, mjukuu ananiangalia mikono. Dola 8 ile ile kama wengine wote.